Rudisha sifuri kwanza

*Miaka zaidi ya kumi tangu mashine za alama za vidole ziingie katika uandikishaji wa wapigakura, Muleba na Bukoba bado wanaulizana: mashine iishie kwenye daftari, isogee hadi mlangoni mwa kituo, au ikabidhiwe kura yenyewe?*

Na Mwandishi Wetu, Kagera

Mzee aliyekuwa wa tatu kwenye foleni hakukubali gunia lake lipande mzani. Alimwonyesha kijana aliyelibeba alishushe chini, akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi kwenye sikio moja, akainama kusoma kioo cha mzani. Kilikuwa kinaonyesha gramu mia mbili, na juu ya sahani hapakuwa na kitu ila vumbi la kahawa ya maganda.

"Rudisha sifuri kwanza," akamwambia karani.

Karani akapangusa sahani kwa kiganja, akabonyeza kitufe. Namba zikacheza kidogo, zikatulia kwenye sifuri. Mzee akageuka kuwatazama waliokuwa nyuma yake, kama anayewaita mashahidi, ndipo gunia likapandishwa.

Hapo ni kwenye ghala la chama cha msingi, tarafa ya Kamachumu, wilayani Muleba. Mzani ni wa kidijitali, na sikusikia hata mkulima mmoja akitaka ule wa zamani wa mshale urudi. Wakulima wa kahawa wa Kagera wamepunjwa vya kutosha na mizani ya kila aina, na kwenye butura wameuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kukatisha tamaa. Hawaogopi kioo wala kitufe. Wanataka tu waione sifuri kabla ya kuona kilo.

Nilikuwa nimetumwa Kagera kuandika juu ya mashine na kura. Nikatambua kwamba mzee yule amenipa swali la makala nzima kabla sijafungua daftari.

Saa moja asubuhi siku ya uchaguzi, kabla mpigakura wa kwanza hajaingia, msimamizi wa kituo hufungua sanduku mbele ya mawakala wa vyama na kuwaonyesha kuwa ni tupu. Kisha hulifunga kwa lakiri. Hiyo ndiyo sifuri ya kura, na inaonekana hata kwa mtu asiyejua kusoma. Mashine ikichukua nafasi ya sanduku, sifuri yake itaonekana wapi, na kwa macho ya nani?

Mikono iliyooshwa kwa limau

Tuanze na mashine ambayo Mtanzania tayari anaijua, ile ya kuandikisha.

Mama mmoja wa Nshamba nilimkuta kibarazani akimenya ndizi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu, na nyama ya kidole gumba imelainika kama kokoto ya ziwani. Jembe, panga na kahawa vimekula mistari yote. Siku alipokwenda kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, kidole baada ya kidole kilikataa, hadi kimoja cha mkono wa kushoto kikakubali jioni.

Kwa hiyo Agosti 2024, zamu ya Kagera ilipofika katika uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapigakura, aliamka mapema akaosha mikono kwa limau na majivu, akaisugua mpaka ikawasha, ndipo akaenda kituoni. Kadi anayo. Ameifunga ndani ya kitambaa pamoja na kadi ya kliniki ya mjukuu wake.

Daftari hilo lilianza kuandikwa mwaka 2004 kwa fomu za kusomwa na mashine. Baadaye Tume ya Uchaguzi ikaamua kuhamia kwenye mfumo wa alama za vidole, ambao wananchi hadi leo huuita kwa herufi zake tatu tu, BVR. Majaribio yakafanyika Desemba 2014 katika majimbo ya Kawe, Kilombero na Mlele, na Februari 2015 kazi yenyewe ikaanzia Makambako, mkoani Njombe.

Ilikwenda polepole kuliko ilivyopangwa. Kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyokuwa ifanyike Aprili 30, 2015, ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji ulikuwa haujakamilika. Haijapigwa mpaka leo. Sijui kama kuna nchi nyingine ambayo katiba yake ilisimama njiani ikisubiri mashine za vidole, lakini yetu ilisimama.

Hata hivyo, mwisho wa siku watu zaidi ya milioni 23 waliandikishwa, na daftari likawa safi kuliko lililotangulia. Mtu aliyejiandikisha Bukoba na tena Biharamulo, mfumo unalinganisha vidole vyake na kumbaini. Hilo peni haiwezi. Kufikia uchaguzi wa Oktoba 2025, daftari lilikuwa na wapigakura milioni 37.6, na mtu aliweza kuanza kuboresha taarifa zake kwa simu kabla ya kwenda kituoni kukamilisha.

Tofauti ya mashine na peni watu wa Kagera waliiona ndani ya miezi mitatu. Agosti 2024 walitoa vidole kwa Tume. Oktoba mwaka huohuo waliandikishwa upya, safari hii kwa mkono na kwenye madaftari ya karatasi, kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27 uliosimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Vyama vya upinzani vikalalamika kwamba majina ya wanafunzi na ya watu wasiokuwepo yameingizwa. Kwa daftari la peni, ubishi wa namna hiyo hauna pa kuishia.

> Peni haiwezi kumbaini mtu aliyejiandikisha Bukoba na tena Biharamulo. Mashine inaweza.

Lakini hapa mpakani liko jambo ambalo hata mashine hailiwezi. Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwapitia watu wengi mkoani hapa wakiulizwa uraia wao, wakiwemo waliozaliwa hapa. Alama ya kidole inathibitisha kwamba wewe ni wewe. Haisemi wewe ni wa wapi. Swali hilo bado linaamuliwa na watu: mwenyekiti wa kitongoji, jirani, na mtu yeyote atakayeweka pingamizi daftari likibandikwa. Anayedhani mashine imeondoa upendeleo katika uandikishaji, na asimame siku moja kwenye foleni ya Ngara au Missenyi asikilize maswali yanayoulizwa.

Mlangoni hakuna anayeuliza kidole

Kuna jambo la ajabu ambalo vijana wa Bukoba walinirudia nalo mara nyingi. Kidole kile kilichochukuliwa kwa taabu wakati wa kuandikisha, siku ya kura hakiulizwi. Karani anatazama kadi, anatafuta jina na picha kwenye daftari lililochapishwa, anaweka alama kwa kalamu. Unapewa karatasi, unapiga kura, unachovya kidole kwenye wino, unaondoka. Kidole kinatumika kuonyesha kwamba umeshapiga. Hakitumiki kuonyesha kwamba ni wewe.

Vijana hao, wengi wao waendesha bodaboda na wauza simu wa Kashai na Hamugembe, wanataka mashine isogee mlangoni. Hoja yao ni nzito kuliko inavyosikika. Mlango ukihesabu vidole, kituo kinakuwa na hesabu mbili: watu walioingia na karatasi zilizotoka sandukuni. Vidole vikiwa 280 na karatasi 430, hapahitajiki mtaalamu kujua kwamba karatasi 150 hazikuletwa na mtu.

Na hofu ya karatasi zisizoletwa na mtu si ya vijiweni tu. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, waangalizi wa Umoja wa Afrika waliripoti kushuhudia kura zikijazwa masandukuni katika vituo kadhaa. Anayetetea karatasi, na mimi ni mmoja wao, hana budi kuanza kwa kukiri hilo. Sanduku hukaguliwa likiwa tupu asubuhi. Saa nane mchana, wakala akiondolewa kituoni, hakuna wa kulikagua.

Bukoba Mjini wana sababu ya kulijali hili kuliko majimbo mengi. Jimbo hili limepita mikononi mwa vyama vitatu: mwaka 2000 Wilfred Lwakatare alilichukua kwa CUF, Khamis Kagasheki akalishika kwa CCM, 2015 Lwakatare akalirudisha, safari hii kwa CHADEMA, 2020 Stephen Byabato akalipeleka tena CCM. Watu wa jimbo la namna hiyo hukesha. Wanajua harufu ya taa ya chemli ndani ya darasa, na wanajua kwamba hesabu ya kituo kimoja inaweza kugeuza usiku.

Ng'ambo ya Mutukula

Wasioitaka mashine mlangoni hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mutukula ni mwendo wa saa chache tu kwa daladala, na ng'ambo ya pili ni Uganda.

Januari 15, 2026 Waganda walipiga kura vituo vikiwa na vifaa vya kuhakiki alama za vidole. Sehemu nyingi vifaa viligoma, foleni zikasimama jua likiwaka, na Tume yao ikalazimika kuelekeza daftari la karatasi litumike. Intaneti ilikuwa imezimwa kabla ya siku yenyewe.

Kenya iliyapitia hayo mapema. Machi 4, 2013 vifaa vya kutambua wapigakura vilizimika betri kwenye madarasa yasiyo na umeme. Mfumo wa kutuma matokeo nao ukaelemewa, na kwa kosa la programu, kura zilizokataliwa zikazidishwa mara nane kwenye skrini ambayo nchi nzima ilikuwa ikiitazama. Watu waliona namba za uongo kwa macho yao, zikitangazwa na mashine isiyokuwa na nia ya kudanganya. Ukweli ulipopatikana, ulipatikana kwenye karatasi.

Mwaka 2017 ikawa mbaya zaidi. Chris Msando, aliyekuwa akisimamia teknolojia katika tume ya uchaguzi ya Kenya, aliuawa siku chache kabla ya kura ya Agosti 8. Septemba 1, majaji wanne dhidi ya wawili, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, wakafuta uchaguzi wa rais. Sababu mojawapo ni kwamba tume ilikataa kufungua seva zake zikaguliwe, ingawa mahakama ilikuwa imeamuru.

Halafu ikaja 2022, na hili ndilo ningependa lisomwe kwa makini Kamachumu. Kenya iliendelea kupiga kura kwa karatasi na kuhesabu kwa mkono kituoni. Fomu ya matokeo ya kila kituo, fomu 34A, ikapigwa picha na kuwekwa hadharani kwenye tovuti, vituo zaidi ya 46,000. Mkulima wa Kakamega aliweza kuifungua fomu ya shule yake na kuilinganisha na aliyoiona ukutani. Makamishna wanne walijitenga na tangazo la mwisho, kesi ikafunguliwa, na Septemba 5 mahakama ikathibitisha matokeo. Ubishi haukuisha, lakini kila mbishi alikuwa na fomu zilezile mkononi.

> Kenya 2022: kura kwenye karatasi, hesabu kwa mkono, fomu ya kila kituo hadharani.

Mashine yenyewe

Mpaka hapa tumezungumzia mashine inayoandikisha, inayotambua na inayotuma. Inayopiga kura ni kitu kingine, na kwa majirani zetu wanaosema Kiswahili ilitua Kongo.

Desemba 30, 2018 Wakongo walipiga kura kwa mashine zaidi ya laki moja zilizotengenezwa na kampuni ya Miru ya Korea Kusini. Ulichagua sura ya mgombea kwenye skrini, mashine ikachapa chaguo lako kwenye karatasi, ukaitumbukiza sandukuni. Tume ilisema orodha za wagombea ni ndefu mno kuchapishwa kama kawaida, na hilo lilikuwa kweli. Wananchi waliigeuza herufi moja tu ya jina lake la Kifaransa, ikawa mashine ya kuiba.

Wiki mbili kabla ya kura, ghala likaungua Kinshasa na mashine karibu 8,000 zikateketea. Beni na Butembo wakaambiwa kura yao imesogezwa hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Watu wa Beni hawakukubali. Siku ileile ya Desemba 30 walijipanga foleni, wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakapiga kura yao wenyewe kwa karatasi, wakijua haitahesabiwa popote.

Tume ikamtangaza Félix Tshisekedi. Maaskofu Katoliki, waliokuwa na waangalizi wapatao 40,000, wakasema matokeo hayo hayalingani na yaliyokusanywa na watu wao. Karatasi zilizochapwa na mashine zilikuwepo masandukuni, lakini hesabu ya vituo haikuwekwa wazi ili ilinganishwe. Aliyeongoza tume ile, Corneille Nangaa, leo ni kiongozi wa muungano wenye silaha unaowajumuisha waasi wa M23.

Namibia, nchi tulivu kuliko zote nilizozitaja, ilikuwa ya kwanza Afrika kutumia mashine za kura katika uchaguzi mkuu, mwaka 2014. Zilitoka India na hazikuacha karatasi yoyote nyuma. Februari 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema kuzitumia bila karatasi ya kukagulia ni kinyume cha katiba. Mwaka 2024 wakarudi kwenye karatasi, na karatasi zenyewe zikapungua vituoni hadi siku za kupiga kura zikaongezwa. Karatasi nayo ina aibu zake.

Ujerumani, nchi ya mafundi, iliziweka kando mwaka 2009. Mahakama yake ya Katiba ilisema mwananchi wa kawaida lazima aweze kuzifuatilia hatua muhimu za uchaguzi bila kuhitaji utaalamu maalumu. Nilipomweleza mzee wa Kamachumu hukumu hiyo hakushangaa. Aliniuliza kama Wajerumani nao wanalima kahawa.

Ziwa halina mnara

Muleba si mji wa lami. Ni pamoja na visiwa: Bumbire, Ikuza, Kerebe, Goziba na vingine, ambako kambi za wavuvi huhama kwa kufuata dagaa na sangara. Sanduku la kura huko husafiri kwa boti. Sehemu nyingine, ukitaka mtandao unapanda juu ya mwamba, unanyoosha mkono. Umeme wa Bukoba wenyewe kwa miaka mingi umetoka Uganda, kupitia waya unaovuka hapohapo Mutukula, na kila mkazi anajua maana ya kulala giza kwa hitilafu iliyotokea nchi nyingine.

Lakini visiwa ndivyo vinavyonipa hoja ya kuitaka mashine, ila iwe mahali pake. Boti inayotoka Goziba na fomu za matokeo huchukua saa nyingi majini, na kila saa ni nafasi ya wasiwasi. Picha ya fomu ikipigwa palepale mbele ya mawakala na kutumwa mtandao unapopatikana, boti inabeba ushahidi wa pili. Ikikawia, hakuna wa kunong'ona.

Baada ya kuzunguka, nasimama hapa. Daftari libaki la vidole. Mashine ya kuhakiki iletwe mlangoni, na daftari la karatasi liwe pembeni tayari kwa ajili ya mama mwenye utomvu na kwa ajili ya betri itakayokufa. Kura ibaki karatasi, ihesabiwe kituoni kwa sauti, wakala akiwa amekaa. Na fomu za matokeo ya kila kituo ziwekwe hadharani, nchi nzima.

Kuna sababu moja ya kwetu inayonifanya nisilegeze hapo. Kenya iliweza kuamuru seva zifunguliwe kwa sababu ina mahakama ya kusikiliza kesi ya urais. Katiba yetu, Ibara ya 41(7), inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais aliyekwisha kutangazwa na Tume. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha kwetu wenyewe, ilisema kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Kifungu bado kipo. Mashine ya kupigia kura katika nchi ya namna hiyo ni mzani ambao hakuna anayeruhusiwa kuinama kusoma kioo chake.

> Ibara ya 41(7): aliyetangazwa na Tume, hakuna mahakama ya kuuchunguza uchaguzi wake.

Picha kwenye simu

Jioni yangu ya mwisho Bukoba, kijana wa bodaboda wa Hamugembe alinipeleka hadi karibu na uwanja wa Kaitaba, akazima pikipiki, akatoa simu. Ana picha ya fomu ya matokeo aliyoipiga usiku wa Oktoba 29, 2025 kwenye ukuta wa shule alikopigia kura. Mwanga ulikuwa hafifu, na kona moja imefunikwa na kidole chake mwenyewe. Lakini namba zinasomeka, na saini za mawakala zinaonekana.

Usiku ule alijaribu kuituma kwa kaka yake Mwanza. Intaneti ilikuwa imezimwa. Picha ilikaa ndani ya simu siku kadhaa, na mtandao uliporudi, matokeo yalikuwa yameshatangazwa, jimbo kwa jimbo. Ukuta wa shule ulikuwa umebaki na vipande vya gundi tu, fomu imekwenda na mvua.

Hajaifuta. Aliikuza kwa vidole viwili, akaipeleka juu, akaishusha hadi kwenye jumla, akanisogezea nione vizuri.

"Nilinganishe na nini, kaka?"